Koti Kwenye Kiti

Koti lilikuwa la kijivu, na lilishonwa na mama yake mzazi, kwa sababu hakuna duka lililokuwa na koti la kike lenye mikono ya kufika kwenye viganja vya binti yule. Mama alikuwa fundi cherehani na alishazoea. Tangu mtoto atimize miaka kumi na miwili, kila muhula ulipoisha alilifumua pindo la sketi yake ya shule na kuliteremsha, mpaka siku moja pindo likaisha, ikabidi aunge kipande cha kitambaa cha rangi nyingine chini.

"Wewe mtoto," alikuwa akisema, pini zimejaa mdomoni, "ukiendelea hivi nitakuvisha pazia."

Koti lilikuwa la kazini. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na shirika la maji la mji wao lilikuwa limemwajiri kuwa karani wa masjala, yaani kile chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili. Majirani walishangaa, maana matokeo yake ya mtihani hayakuwa ya kumpeleka mtu ofisini. Lakini shirika halikuyaangalia matokeo. Timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu ilikuwa imefungwa na timu ya benki misimu mitatu mfululizo, mkurugenzi wa shirika na mkurugenzi wa benki walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na kocha alikuwa ameona shuleni msichana ambaye akinyoosha mkono anagusa nyavu bila kuruka.

Ndivyo timu zilivyoishi wakati huo. Hukulipwa kwa kucheza. Ulilipwa kama karani, mpokea simu au mtunza stoo, halafu ukacheza. Mchezaji wa kulipwa alikuwa mtu mwenye dawati asilolikalia.

Jina walilomwita lilitoka kwenye siku yake ya kwanza ya mazoezi shuleni. Alikuwa ametoka kwenye mpira wa pete, ambako kila alipomgusa mtu alipulizwa filimbi, akachoka. Kwenye kikapu wakamweka chini ya ubao na kumwambia augombee mpira unaorudi. Akaugombea. Msichana aliyekuwa nyuma yake akapoteza jino la mbele. Jino likatoka, jina likaingia: tangu siku hiyo akawa Kiwiko, kwa wachezaji, kwa makocha, kwa watangazaji wa redio, na baadaye hata kwa mama yake.

Siku yake ya kwanza masjala alipokelewa na mwanamke mfupi, mnene kiasi, aliyekuwa na kalamu mbili kichwani zimechomekwa kwenye nywele. Jengo zima lilimwita Mama Faili. Wageni walidhani ana mtoto wa jina hilo. Mama Faili alimtazama Kiwiko kutoka viatuni kwenda juu, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo refu.

"Umeumia?"

"Wapi, Mama?"

"Kichwa. Mlango huo. Wenzako waliokutangulia walijigonga siku ya kwanza."

"Niliinama."

"Una akili, basi." Akampeleka kwenye dawati la pili, karibu na dirisha. "Dawati lako hili. Kiti chako hiki. Vua koti."

Kiwiko akavua. Mama Faili akalichukua, akalivika kwenye mgongo wa kiti, akaunyoosha ukosi, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

"Limekaa vizuri. Haya, nenda mazoezini."

"Na kazi?"

"Kazi ipo, haikimbii. Akija mtu kukuuliza, mimi nitasema yupo, ametoka kidogo. Koti analiona. Nani atabisha na koti?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na saba.

*

Asubuhi Kiwiko alifika saa moja na nusu, akasaini daftari la mahudhurio, akaacha koti, akaenda uwanjani. Mchana alirudi kuoga, akala, na kama hakukuwa na mechi alikaa kwenye kiti chake na kusinzia, shingo imeegemea koti. Mama Faili alimwacha. Alimwamsha tu kulipokuwa na ngazi ya kupandwa. Makabati ya masjala yalifika darini, na mafaili ya zamani yalikaa rafu ya juu kabisa, ambayo makarani waliotangulia waliiendea kwa ngazi ya mbao na sala. Kiwiko alinyoosha mkono tu.

"Hiyo ndiyo kazi yako hapa," alisema Mama Faili. "Rafu ya juu. Rafu nyingine zote niachie mimi."

Naye alikuwa anasema kweli. Shirika lilitaka kila karani awe na fungu lake la mafaili, na kila barua iliyoingia ipigwe mhuri, ipewe namba, iandikwe kwenye daftari, na karani aliyeishughulikia aweke saini fupi pembeni. Fungu la Kiwiko lilikuwa la mafaili ya wateja wakubwa, viwanda na hoteli. Mama Faili aliyashughulikia yote, na pembeni akaweka saini ya Kiwiko, ile herufi yenye mkia mrefu kama ndoano. Mkubwa wa zamani wa ofisi ndiye aliyemwagiza, siku ya kwanza kabisa, kwa maneno mawili: "Mfunike, Mama." Hakuna aliyekuja baadaye kumwambia aache.

Uwanjani Kiwiko hakuwa mfungaji. Wafungaji walikuwa wasichana wepesi, wenye mbwembwe, waliojua kudunda mpira mpaka mlinzi akachanganyikiwa miguu. Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kugombea mipira chini ya ubao, na hiyo watu waliiona. Ya pili ilikuwa kusimama. Mwenzake mwenye mpira anakimbizwa na mlinzi. Yeye anakwenda, anasimama kwenye njia ya huyo mlinzi, miguu imepanuka, mikono imekunjwa kifuani, hatikisiki. Mlinzi anakuja mbio bila kumwona na kumgonga. Mwenzake anapita, anafunga. Kwenye karatasi ya meza ya waamuzi anaandikwa aliyefunga, na wakati mwingine aliyetoa pasi. Aliyesimama haandikwi popote.

"Haiumi?" Mama Faili alimwuliza mara moja, akiangalia alama ya bluu kwenye bega lake.

"Inauma."

"Na wanakupa nini?"

"Nani?"

"Unaowasimamia."

Kiwiko alifikiri. "Wananipiga kofi la mgongo wakirudi."

"Basi wakupige taratibu."

Mama Faili hakujua mpira na hakutaka kuujua. Katika miaka yote hiyo alikwenda uwanjani mara moja tu, kwenye fainali ya msimu wa nne wa Kiwiko, siku waliyoifunga benki kwa pointi mbili. Alikaa safu ya juu akila karanga, na kila Kiwiko alipogongwa alisimama akamfokea refa, hata pale kosa lilipokuwa la Kiwiko. Kiwiko akampa medali ya siku ile. Mama Faili hakujua aiweke wapi. Kesho yake Kiwiko alikuta utepe wa medali umefungwa kwenye ufunguo wa kabati la mafaili ya siri, medali inaning'inia na kugonga bati kila kabati lilipofunguliwa. Ilikaa hapo.

Alipofika miaka ishirini na saba, klabu moja ya nchi ya baridi ilimtaka. Huko mpira ulikuwa kazi yenyewe: mkataba, daktari wa misuli, ratiba ya chakula ukutani. Shirika likampa likizo bila malipo. Mama yake akamfumia sweta mbili na kumwambia asirudi na mkwe asiyejua kula kwa mkono.

Alikaa misimu miwili. Alipewa chumba chenye kitanda kilichoishia kwenye vifundo vya miguu yake, akaweka sanduku la nguo mwishoni na mto juu yake, akalala hivyo hivyo. Alijifunza maneno sita ya lugha yao: kushoto, kulia, simama, tena, vizuri, pole. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kila mchezaji alikuwa na kiti chenye jina lake. Alitundika koti lake la baridi hapo, na mara nyingi, akiwa amekaa benchi kusubiri kuingia, alifikiria kwamba hapa hakuna mtu wa kusema yupo, ametoka kidogo. Ukikosekana, umekosekana. Aliona ni haki, na aliona ni upweke, na hakujua kipi kilikuwa kikubwa.

Msimu wa pili goti la kushoto lilipinda akitua. Walimtibu vizuri, wakamshukuru vizuri, wakamkatia tiketi.

Aliporudi masjala alikuta kiti chake pale pale. Koti la kijivu lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi.

"Lilikuwa linajaa vumbi," alisema Mama Faili, bila kuinua macho kwenye daftari. "Umekonda. Rafu ya juu imejaa, njoo."

*

Alicheza miaka mingine saba kwa goti la kufungwa bandeji. Mbio zilipungua, lakini kusimama hakuhitaji mbio. Vijana wa timu walianza kumwita dada, kisha shangazi, na mmoja mwenye mdomo mrefu akamwita "ukuta wa kihistoria". Alicheka kama wengine. Akachukua vikombe vingine viwili. Mama yake alianza kushindwa kuona tundu la sindano, wateja wa cherehani wakapungua mmoja mmoja, na mshahara wa karani wa masjala ndio uliokuwa unaiweka nyumba yao ya kupanga, vyumba viwili na kibaraza.

Barua ya kuivunja timu ilipita masjala kwanza, kama barua zote. Mama Faili aliipokea, akaipiga mhuri, akaipa namba, akaiandika kwenye daftari. Halafu akaisoma tena, ingawa kusoma barua za watu hakukuwa desturi yake. Kiwiko aliporudi kutoka mazoezini, akiwa bado na taulo shingoni, aliikuta mezani kwake, juu ya dawati ambalo halijawahi kuwekewa barua.

"Isome wewe kwanza," alisema Mama Faili. "Kocha nitampelekea baadaye."

Ilikuwa fupi. Shirika linapunguza gharama. Shughuli zisizo za msingi zinasitishwa. Watumishi waliokuwa wachezaji watapimwa kwa kazi zao za ofisini kama watumishi wengine.

Kiwiko alikunja barua akairudisha kwenye bahasha. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Siku zote alijua siku hii inakuja, lakini alidhani itakuja kupitia kwenye goti.

"Kazi zao za ofisini," alisema.

"Eeh."

"Mimi kazi yangu ni rafu ya juu."

Mama Faili hakucheka.

Wiki mbili baadaye meneja mpya wa utumishi alimwita. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye miwani iliyomteleza puani, na alisimama Kiwiko alipoingia, jambo ambalo wakubwa wa jengo lile hawakulizoea. Mezani kwake kulikuwa na madaftari ya masjala, yamepangwa kwa miaka.

"Dada, nitasema ukweli. Nilipofika hapa niliambiwa nyie wachezaji mnakuja kuacha makoti tu."

Kiwiko aliyatazama madaftari.

"Nikasema, ngoja niangalie mwenyewe. Masjala tunabakiza mtu mmoja, kompyuta zinakuja. Nikapitia daftari moja moja la miaka sita iliyopita." Akasukuma miwani juu. "Fungu la mwenzako, mafaili saba yalipotea, barua kumi na nne ziliandikwa kwa namba zisizo zake. Fungu lako, sifuri. Sifuri, dada! Sijawahi kuona. Na ulikuwa unacheza mpira!"

"Meneja..."

"Najua utasema mwenzako ni mkongwe. Namheshimu. Lakini makosa yanaongea. Kwa hiyo jina ni lako, na utakuwa mkuu wa masjala. Barua zinatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Mpaka hapo, tafadhali, lisitoke nje ya chumba hiki."

Alitoka akashuka ngazi polepole, akishikilia ukuta kwa ajili ya goti. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu, na alikihisi mwili mzima, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nyumba itabaki. Mama yake atabaki kwenye kibaraza chake na cherehani yake. Nafuu hiyo ilidumu mpaka kwenye mlango wa masjala, ambako kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba alisahau kuinama.

*

Aliamua kujifunza kazi. Kama amepewa, basi aijue. Alimwambia Mama Faili kwamba kwa kuwa watapimwa, ni vizuri amfundishe kidogo, na Mama Faili akamfundisha, bila kuuliza swali: mhuri unapigwa kona ya kulia, namba inafuata ya jana hata kama jana ilikuwa kabla ya sikukuu, faili likitoka linaacha kadi mahali pake ili ujue limekwenda kwa nani. Kiwiko aliandika kwenye karatasi. Mkono wake, uliozoea kukamata mpira kwa vidole vitano, ulichoka baada ya mistari kumi. Siku ya tatu aliandika barua ishirini na kukosea namba nne.

"Si mbaya," alisema Mama Faili.

"Ni mbaya."

"Ni mbaya, ndiyo. Lakini umekaa kitini saa nne bila kusinzia. Tunaanzia hapo."

Alhamisi Mama Faili alikwenda hospitali kupimwa presha, na Kiwiko akabaki peke yake. Akashusha madaftari ya zamani aone jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa. Aliyaangalia tu, ukurasa baada ya ukurasa, saini yake ya mkia wa ndoano ikiwa imepangwa pembeni kama mishono ya mama yake. Ndipo akafika kwenye miaka ile miwili.

Alifikiri amekosea mwaka. Akafunga daftari akasoma jalada. Hakuwa amekosea. Miezi ile aliyokuwa nchi ya baridi, akilala na miguu juu ya sanduku, saini yake ilikuwepo. Kila siku ya kazi. Tarehe aliyoumia goti, alikuwa amepokea barua kumi na moja.

Meneja alikuwa ameangalia miaka sita ya mwisho. Angerudi nyuma miaka mingine miwili tu, angeikuta. Na faili la likizo yake bila malipo lilikuwa ghorofa ya juu, kwenye kabati la meneja mwenyewe.

Mama Faili aliporudi, alikuta daftari limefunguliwa mezani. Akalitazama, akachomoa kalamu moja kichwani, akairudisha.

"Mkono ulizoea," alisema.

"Miaka miwili, Mama?"

"Mwezi wa kwanza nilijisahau. Mwezi wa pili nikakumbuka, nikasema kama nikiacha sasa itaonekana kwamba nilikosea mwezi wa kwanza. Basi nikaendelea." Akakaa. "Halafu ukweli ni kwamba ilinipendeza. Niliona kama upo."

Nje mtu alikuwa anagombana na mlinzi kuhusu maegesho. Wote wawili wakasikiliza kidogo ugomvi usiowahusu.

"Mbona fungu langu halina kosa, na lako lina makosa?" Kiwiko aliuliza.

"Lako nalifanya asubuhi, kichwa bado safi. Lenyewe ni la kukabidhiwa, la mtu, naogopa. Langu namalizia jioni, macho yameshakwisha, nasema potelea mbali." Akamtazama. "Kwa nini? Wamehesabu?"

Kiwiko alilifunga daftari. Mama Faili alikuwa amesoma sura za watu wanaokuja kuulizia mafaili yao kwa miaka ishirini na tisa.

"Aa," alisema. "Basi ni wewe."

"Mama, mimi nitamwambia..."

"Utamwambia nini? Kwamba niliweka saini ya mtu? Hiyo ni kughushi, mwanangu. Nikipunguzwa naondoka na stahili zangu pungufu, bado miaka mitatu nistaafu, sawa, nitalia nitanyamaza. Nikifukuzwa kwa kughushi, naondoka na hizi kalamu." Akashika kalamu za kichwani. "Chukua kazi. Mimi barua yangu itapita hapa hapa, nitaipokea mwenyewe na kuipa namba. Ila saini usizitaje. Hilo tu nakuomba."

*

Jumapili Kiwiko alikaa kibarazani akimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Sindano saba, nyuzi saba, za kumtosha wiki nzima.

"Mama, tuseme unapewa zawadi kwa gauni alilolishona mwenzio, watu wakidhani ni wewe. Unapokea?"

"Nina njaa au nimeshiba?"

"Una njaa."

"Napokea," alisema mama yake bila kusita. Akapitisha sindano kwenye kitambaa. "Halafu kila nikiliona gauni hilo limevaliwa, nahama njia. Nitahama njia ngapi mpaka nife? Sijui. Mimi ni fundi, sina elimu ya mambo hayo. Nipe sindano nyingine."

Kiwiko akampa.

"Wanakufukuza?" mama aliuliza.

"Wananipandisha cheo."

"Basi mbona umekaa kama umefiwa?"

Hakumwambia. Usiku ule alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alikuwa analala vizuri vile vile kabla ya fainali, kwa kuwa kabla ya fainali anajua atasimama wapi.

Jumatatu, kabla ya kwenda masjala, alipanda kwa meneja.

"Sikitaki cheo," alisema.

Meneja akacheka, akidhani ni unyenyekevu. "Dada, kaa kwanza."

"Nitasimama, goti likikunjwa linakuwa gumu. Sikitaki. Naacha kazi. Nitaandika barua leo, ipite masjala."

"Lakini kwa nini? Rekodi kama hii..."

"Nimechoka. Miaka kumi na saba nimekaa chumba kimoja na makaratasi. Nilikuwa navumilia kwa sababu ya timu. Timu haipo."

Meneja alivua miwani akaifuta. Akamwangalia kwa namna mpya, na si ya kumheshimu. Kisha akaweka kiganja juu ya madaftari yale.

"Nikuulize kitu. Hii kazi kweli uliifanya wewe?"

Hapo ndipo meneja alipokuja mbio, kama mlinzi uwanjani. Kiwiko aliweka miguu yake sawasawa kwenye zulia na kukunja mikono kifuani, na hata hakugundua kwamba ameikunja.

"Saini ya nani hiyo?"

"Yako."

"Basi."

Walitazamana. Kwa muda mfupi ilionekana kama kijana angeita daftari jingine, la nyuma zaidi. Lakini alikuwa na idara tisa za kupunguza na siku nne za kuzipunguza, na mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa anamrahisishia kazi.

"Nasikitika," alisema, akivaa miwani. "Nilikutetea kwenye kikao. Nilisema wachezaji si watu wa kuacha makoti tu."

"Ahsante, meneja."

"Haya. Atabaki mwenzako, basi. Mafaili saba yale, sijui nitaelezaje."

"Mpeni kazi yake asubuhi," alisema Kiwiko. "Jioni macho yake yanachoka."

*

Mama Faili aliipokea barua ya kuacha kazi, akaipiga mhuri kona ya kulia. Mkono wake ulikwenda pembeni kuweka saini, ukasimama hewani. Akaweka yake mwenyewe.

"Nani alikutuma?" alisema. Alikuwa amekasirika kweli, shingo imemvimba. "Nilikuomba kitu kimoja tu. Nilikuambia chukua."

"Saini sikuzitaja."

"Na mama yako mtakula nini? Medali?"

"Kocha amesema kuna shule ya wasichana inatafuta mtu wa kufundisha kikapu mchana, siku tatu kwa wiki."

"Siku tatu! Na zile nne mtafunga kula?" Akapuliza pua kwenye leso. "Goti bovu, kichwa kibovu. Watu wa mpira nyie sijui mnalishwa nini." Akainuka akamsukuma kuelekea kwenye kabati. "Kabla hujaenda, nishushie rafu ya juu. Yote. Mimi siwezi kupanda ngazi hiyo."

Kiwiko alishusha rafu ya juu yote. Ilimchukua mchana mzima, faili moja moja, na Mama Faili akayapanga chini ukutani ambako mtu mfupi angeyafikia. Kila ufunguo ulipozunguka, medali iligonga bati. Saa kumi Kiwiko akanawa mikono, akasema kwaheri kama alivyosema siku zote, akainama mlangoni akaenda zake.

Alifika nyumbani ndipo mama yake akamwuliza.

"Koti liko wapi?"

Alikuwa ameliacha kwenye kiti. Miaka kumi na saba aliingia nalo na kuliacha, na siku pekee iliyotakiwa aliondoe kwenye mgongo ule wa kiti, mikono yake ilifuata mazoea.

Alirudi kulichukua wiki iliyofuata, akitokea shuleni, filimbi shingoni na vumbi kwenye raba. Shuleni walikuwa wasichana ishirini na wawili, mipira mitatu, na mmoja tu kati yao alikuwa mrefu. Siku ile alikuwa amewafundisha kusimama, na mrefu yule alikuwa amelalamika kwamba inauma. Korido ya masjala ilikuwa kimya. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kabla hajausukuma alisikia sauti ya meneja ndani.

"Mama, si tulikubaliana hapa mnabaki mtu mmoja? Hili koti la nani?"

Mhuri ukagonga meza mara moja.

"La mwenyewe," Mama Faili alisema. "Yupo, ametoka kidogo."

Kiwiko akaondoa mkono kwenye kitasa. Alisubiri pale koridoni mpaka meneja akaanza kuuliza habari za kompyuta, kisha akashuka ngazi, taratibu kwa ajili ya goti, na koti akaliacha lilipo.